Toa Nne

Aliitwa Rula kwa sababu hakuwahi kukosea kipimo. Ndiyo maana kosa alilolifanya mwaka ule, wenzake watalisimulia hadi watakapozikwa, na baadhi yao wameapa kwamba hata huko wataendelea kulisimulia.

Kazi yake ilikuwa kukata. Katika chumba kile walishona sare za shule wanawake tisa, na saba kati yao walishona kile alichokwishakata yeye na msaidizi wake, mkataji wa pili. Alisimama mbele ya meza ndefu, vitambaa vimepangwa arobaini arobaini, akachora kwa chaki, kisha akaingiza mkasi mkubwa uliokuwa ukimwachia sugu kwenye kidole gumba. Inchi moja ikimponyoka, watoto arobaini wangekwenda shule na suruali zinazoishia kwenye muundi. Kwa miaka kumi na sita haikumponyoka hata nusu.

Futikamba yake ilining'inia shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Alirithishwa na fundi mzee aliyemfundisha kazi. Ncha ya futikamba hiyo ilipochakaa, yule fundi aliikata inchi mbili. Miaka baadaye pasi iliunguza mbili nyingine, na Rula naye akazikata. Kwa hiyo futikamba ilianzia nne. Kanuni ya chumba kile ikawa moja: toa nne. Ukipima ukasoma ishirini na nne, andika ishirini. Mfanyakazi mgeni alifundishwa hilo kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Rula akiulizwa kwa nini asitafute futikamba nyingine, alijibu kwamba hizi mpya zikipata jasho hurefuka na kusema uongo. Akishasema hivyo mjadala ulikuwa umekwisha.

Mwili wake nao ulikuwa wa kipimo. Kila baada ya siku ishirini na nane aliona siku zake, na kila alipoziona aliinama kidogo, akachora kistari cha chaki kwenye ubao wa chini ya meza, mahali ambapo hakuna anayetazama. Alidhani hivyo. Lakini kando ya meza aliketi mshona vifungo, mama wa miaka hamsini na tatu, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, ambaye wote walimwita Kifungo. Vifungo huanguka, navyo havikubali kuanguka mahali pazuri. Kifungo alikuwa chini ya meza ile mara nne kwa siku, na vile vistari alivijua kuliko alivyozijua tarehe za kuzaliwa za wanawe mwenyewe.

Basi mwaka huo mkataji wa pili alikwenda likizo ya uzazi, na kabla hajafika hata nyumbani, msimamizi akapokea oda ya shule nne kwa mpigo. Rula akabaki peke yake mezani. Alifika kabla mlinzi hajafungua kufuli. Chakula cha mchana alianza kukila amesimama, kisha akawa anakila nusu, mwishowe kikawa kinarudi nyumbani kama kilivyokuja, na binti yake wa miaka kumi na mitatu akawa anakimalizia bila kuuliza maswali. Usiku alilala akiota mikono ya mashati. Hayo yalikwenda wiki kumi na moja.

Siku ya ishirini na nane ilipita, chaki haikugusa ubao. Ya thelathini ikapita. Siku ya thelathini na tano kifungo cheupe kiliponyoka, kikabingirika, Kifungo mwenyewe akakifuata kwa magoti, na alipotoka chini ya meza alikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu kikubwa kuliko kifungo.

"Shoga," alisema, akijipangusa magoti polepole ili wote wapate nafasi ya kusikiliza. "Huku chini mbona chaki imekuishia?"

"Chaki ninayo," Rula alijibu bila kuinua macho.

"Unayo, ndiyo. Ila huitumii."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mpiga pasi alisema ni mvuke, kwamba mvuke wa pasi hukausha mwili wa mwanamke, yeye mwenyewe uliwahi kumkausha miezi miwili. Mshona zipu akasema ni mawazo, mtu akiwa na mawazo hata damu hujificha. Mwingine akasema ni maji baridi. Kifungo aliwaacha wote wamalize, kwa heshima, kama hakimu.

"Mimba," alisema.

"Nyamaza, mama," Rula alisema.

"Mimi kiwanda changu kilishafungwa, milango imepigwa misumari, sina ninachokionea wivu. Nasema ninachokiona. Mtu mzima, ana binti anayekaribia kumpita urefu, anataka kutuletea nepi humu ndani!"

Wakacheka, na Rula akawaambia warudi kwenye mashine zao, sare hazitajishona. Lakini mkasi aliuweka chini kidogo kabla ya kukata tena.

Maana Rula alikitaka kitoto hicho. Tuseme wazi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakumwambia mtu. Miaka sita nyuma alibeba mimba ya pili ikatoka mwezi wa tatu, na baada ya hapo hakikuja kitu. Mumewe, fundi rangi, mtu wa maneno machache, alisema mara moja tu kwamba mmoja akiwa mzima anatosha, na hawakulizungumza tena. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alikuwa ameshawapa watu nguo zote za binti alipokuwa mchanga, na aliamini kwamba pamoja na nguo zile ametoa na hamu yenyewe. Kumbe hamu alibaki nayo.

Jioni ile alifunga mlango wa chumbani, akavua gauni la kazi, akaizungusha futikamba kiunoni. Kiuno chake alikijua: thelathini na nne tangu binti azaliwe. Futikamba ilisoma thelathini na sita.

Inchi mbili! Aliketi kitandani akacheka peke yake, mkono mdomoni. Kesho yake akapima tena, thelathini na sita. Keshokutwa akapima, ni ile ile. Mkataji hupima mara tatu ndipo akate, na yeye alikuwa amepima mara tatu.

Wewe unayesoma hapa umeshajua alichosahau, na pengine unatamani kumpigia kelele. Ungepoteza sauti yako bure. Mezani Rula alitoa nne kama anavyopumua, lakini mezani kulikuwa na kitambaa cha watu wengine. Chumbani kwake alikuwa anapima kitu anachokitamani, na mtu wa namna hiyo hasomi namba vizuri. Wahenga walisema mganga hajigangi. Mkataji naye, kumbe, hajipimi.

Na ushahidi wote uliokuja baadaye aliukubali kwa mikono miwili. Alisikia kizunguzungu akiinama, akasema ndivyo inavyoanza. Asubuhi tumbo lilimchafuka, nalo lilikuwa tupu tangu jana yake, akasema ndiyo yenyewe. Sketi zake zilipoanza kumteremka, jambo ambalo lingemshtua hata mtoto wa chekechea, alisema mpira umechoka. Akatoa mpira wa sketi mbili, akatia mpya.

Duka la dawa lilikuwa njiani, na kipimo cha mkojo ni kazi ya dakika tano. Alilipita duka lile kila siku, asubuhi na jioni. Aliogopa. Kabla ya kupima alikuwa na mtoto, na baada ya kupima labda asingekuwa naye. Kwa hiyo aliendelea kulipita, akitazama upande wa pili wa barabara kana kwamba huko kuna kitu.

Ijumaa moja, wenzake walipotoka kula, alichukua kipande cheupe kilichobaki kwenye mashati, akachora bila kipimo chochote, kwa jicho tu. Akakata vipande viwili vya mbele, kimoja cha mgongo, mikono miwili, na kola isiyozidi kidole cha kati. Akavikunja, akavitia kwenye sanduku la chaki lililokuwa chini ya meza, chini kabisa, chini ya chaki zote.

Siku ya arobaini na sita alianguka. Hakuanguka kwa kishindo. Magoti yalikunjika tu, mkasi ukadondoka pembeni ya mguu wake, akajikuta ameketi sakafuni akiitazama meza yake kwa upande ambao kwa kawaida huutazama Kifungo. Kifungo alifika wa kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na utani mdomoni.

"Simama taratibu, mwanangu. Tunakwenda zahanati."

"Nina mashati—"

"Mashati hayana miguu, hayatakimbia. Twende."

Muuguzi wa zahanati alikuwa dada mwembamba mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alimpa Rula kikopo, akamwelekeza choo, na aliporudi akachovya kipimo na kukiweka juu ya karatasi mezani. Kifungo aliketi kwenye benchi, mkoba mapajani. Watatu wakakitazama. Mstari mmoja ukajitokeza. Wakaungoja wa pili, na muuguzi aliwapa muda mrefu kuliko ulivyoandikwa kwenye pakiti, maana aliona nyuso zao.

"Hakuna mimba, mama," alisema mwishowe. "Na kwa siku ulizochelewa, ingekuwepo ingeonekana. Tutarudia wiki ijayo tuwe na hakika."

"Ipo, sista," Rula alisema kwa upole, kama anayemrekebisha mwanafunzi. "Kipimo chenu ndicho kibovu."

Muuguzi hakubishana. Alianza kuuliza, moja baada ya jingine. Anatumia sindano au vidonge vya kupanga uzazi? Hapana. Ameanza dawa nyingine yoyote? Hapana. Nywele zinakatika, shingo imevimba, baridi inamsumbua kuliko wengine? Maana kuna tezi ya shingoni, ikilegea au ikizidisha kazi, hedhi huyumba. Anapata joto la ghafla na jasho usiku?

"Hilo nalijua mimi," Kifungo aliingilia. "Yeye bado."

"Kwa wengine huanza mapema, mama, mzunguko ukaanza kurukaruka wakiwa na arobaini na kidogo. Wengine wana vijifuko vingi kwenye ovari tangu usichana, lakini hao hedhi huwapotea mara kwa mara. Wewe imewahi kukupotea?"

"Kamwe. Siku ishirini na nane, kila mara," Rula alisema, na hata katika hali ile fahari ilimponyoka.

"Kazi ikoje? Unalala? Unakula?"

Hapo Kifungo akajibu kwa niaba yake, na alijibu kwa kirefu. Muuguzi akampandisha Rula kwenye mzani. Akatazama kadi, akatazama mzani, akatazama kadi tena.

"Mwanzoni mwa mwaka ulipokuja na kikohozi ulikuwa na kilo sitini na nne. Leo ni hamsini na nane."

"Haiwezekani," Rula alisema. "Kiuno changu kimeongezeka inchi mbili. Nimepima mwenyewe, mara tatu. Sista, mimi kazi yangu ni kupima."

"Umepima na nini?"

Rula akaivua futikamba shingoni. Muuguzi akamzungushia kiunoni, akainama kusoma. "Thelathini na sita, ni kweli," akasema, akakunja uso. Akamtazama Rula, akautazama mzani wake kwa mashaka, kisha akashika ncha ya futikamba. "Lakini mama, hii mbona inaanzia nne?"

Rula aliitazama ncha ile. Nyuma yake, kwenye benchi, sauti ya Kifungo ilisikika ndogo.

"Toa nne."

Thelathini na mbili. Rula alisimama na gauni lake likiwa limekunjwa kwapani, mkataji wa miaka kumi na sita, mwalimu wa ile kanuni yenyewe. Kifungo alijaribu. Alifunika mdomo kwa mkoba, mabega yakamtikisika, mwisho kicheko kikamponyoka kama mvuke wa sufuria. Muuguzi akacheka bila kujua anacheka nini. Rula naye akacheka, akacheka hadi akashika ukuta, na kicheko kile katikati yake kiligeuka. Akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa akalia. Alilia kwa sauti, mtoto wake akiondoka kwa mara ya pili, na safari hii hakuwa hata amefika.

Kifungo alihamia pale kitandani, akamshika mkono hadi akamaliza.

"Mwili ukiona chakula hakiingii na kazi haipungui," muuguzi alimweleza baadaye, akimtoa damu ya kupeleka maabara, "huahirisha kwanza mambo ya uzazi. Ukirudi kula na kulala, mara nyingi hedhi hurudi. Ikipita miezi mitatu hujaiona, au ukipata maumivu makali kabla ya hapo, njoo usingoje."

"Na mlango umeshafungwa?" Rula aliuliza.

Muuguzi alifikiri kabla ya kujibu, na Rula alimheshimu kwa hilo. "Sijasema hivyo. Katika umri wako si rahisi, siwezi kukudanganya. Lakini kwa mwili usiokula hata hatuwezi kujua."

Waliporudi chumba cha kazi wenzao walikuwa wameshaondoka. Rula alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la chaki. Alitaka kuchukua vile vipande avitupe kwenye gunia la mabaki kabla hajabadilisha mawazo. Aliondoa chaki, akaingiza mkono, akatoa shati.

Halikuwa vipande tena. Lilikuwa limeshonwa, kola imesimama, na mbele kulikuwa na vifungo vitatu vyeupe visivyozidi punje ya hindi.

"Kifungo kilidumbukia humo, nikavikuta, nikavishona Jumatatu," Kifungo alisema nyuma yake. Hakuwa akicheka. "Nilikuwa naingoja siku ya kutangaza. Nilitaka nikushtue." Akainyoosha kola kwa kidole. "Nimekutania mno, mwanangu. Nisamehe."

"Hukunikosea," Rula alisema. "Ulikuwa unataja ninachokitaka. Hakuna mwingine aliyekitaja."

Nyumbani alimkuta mumewe uani akisafisha brashi. Akamweleza yote, akaanzia na mstari mmoja, akamalizia na nne. Mume aliendelea kuisugua brashi ile ile ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Ungeniambia," alisema. "Tungengoja wote wawili."

Hayo tu. Lakini asubuhi yake aliamka mapema, akampikia mkewe chakula cha kwenda nacho kazini, na chakula hicho kilikuwa na chumvi ya kutosha watu wa mtaa mzima. Rula alikimaliza chote. Angewezaje kukiacha, wakati Kifungo alikuwa ameshaunyakua mkasi mkubwa na kuukalia? Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo: saa ya chakula mkasi ulikuwa chini ya makalio ya Kifungo, na haukutoka huko mpaka bakuli lionyeshwe kuwa tupu. Msimamizi alilalamika mara moja. Akaambiwa atafute mkataji wa pili ili Rula ale kwa raha, na akamtafuta.

Kipimo cha pili nacho kilikuwa na mstari mmoja. Majibu ya damu yakasema tezi ni nzima, damu imepungua kidogo, akapewa vidonge. Na siku ya sabini na mbili, katikati ya kukata kola, Rula aliweka mkasi chini, akatoka, akarudi, akainama na kuchora kistari chini ya meza. Alifurahi kwamba mwili wake umemrudia. Alihuzunika pia, maana mahali fulani ndani yake alikuwa bado anangoja. Muda si mrefu kifungo kikaanguka, na safari hii kila mtu aliona kimeangushwa.

"Karibu, mgeni," ilisema sauti ya Kifungo kutoka chini ya meza. "Ulipotelea wapi? Tulikutafuta hadi zahanati!"

Kila Ijumaa Kifungo alimpima mbele ya wote. Alidai ni amri ya muuguzi, na huenda ilikuwa hivyo. Alisoma futikamba kwa sauti ya mnadani, na wanawake saba wakaitikia "toa nne!" hadi mlinzi akachungulia. Ijumaa ya mwisho wa mwaka alisoma thelathini na nane. "Toa nne!" wakaitikia, na Rula akarudi kuwa thelathini na nne, wakampigia makofi.

Cherehani zilipoanza tena kelele zake, Kifungo hakwenda kuketi. Aliirudisha futikamba shingoni mwa Rula, akaiweka sawa pande zote mbili.

"Kile kishati bado unacho?" aliuliza polepole.

"Ninacho. Vifungo umevikaza mno, mama. Nilijaribu kimoja kwa kucha, hakikutikisika."

"Watoto hula vifungo," Kifungo alisema. "Nilivikaza makusudi."

Rula akachukua mkasi akaendelea kukata. Alipobaki peke yake alifungua sanduku la chaki, akakitoa kishati kutoka chini, akakiweka juu.